Dawa Iliyobaki Majini

Dada yangu mkubwa aliacha kumeza dawa zake kwa sababu ya mto. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa amelala wodini Bungoma na mpira wa hewa puani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyachunguza maji ya mto huo huo.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana mjini Kitale, na kila likizo nilikuwa nikisomea shahada ya pili. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilikuwa zimeanza kutolewa bure hata katika vituo vidogo vya afya, na watu waliokuwa wamegeuzwa nyuso ukutani kusubiri kufa wakaanza kuinuka, kuota jua nje, halafu kushika jembe. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Mumewe alikufa kabla dawa hazijafika. Yeye zilimkuta amebaki mifupa, na kila nilipokwenda kumwona nilimkuta ameongeza mwili kidogo, mpaka siku moja nikamkuta anagombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, nikajua amepona.

Pamoja na zile dawa kubwa, kila mgonjwa alipewa vidonge vyeupe vya salfa vya kuzuia nimonia na maradhi mengine yanayomrukia mtu ambaye kinga yake imeshuka. Humezwa kila siku. Lakini mwili hautumii dawa yote inayomezwa. Sehemu yake hutoka na mkojo ikiwa bado ni dawa, nzima, na huenda kule mkojo unakoenda. Mwalimu wangu wa chuo kikuu, mzee mmoja mpole aliyependa maswali mafupi, ndiye aliyenitwika swali hilo: "Inakwenda wapi? Na ikifika huko, utaitoaje?"

Sikuhitaji kutafuta mbali. Kituo cha afya ambako dada yangu alichukulia dawa kilikuwa upande wa Bumula. Nyuma ya kituo kulikuwa na bwawa la majitaka, limechimbwa zamani kwa watu wachache, na sasa watu walikuwa wengi. Bwawa lilifurika. Maji yalishuka kwa mfereji, yakaingia kijito, na kijito kikaingia mtoni. Kando ya mfereji huo akina mama walikuwa wamelima mboga za sukuma. Januari, nchi ikiwa imekauka na ng'ombe wanatafuna mabua, bustani za pale zilikuwa za kijani kibichi hadi macho yanauma. Dada yangu alikuwa na kipande chake pale, alichoachiwa na shemeji yake, na kila siku ya soko alibeba mafungu ya sukuma kichwani mpaka Bumula.

Siku ya kwanza nilipokwenda kuteka maji ya kupima, nilivaa koti jeupe la maabara na glavu, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa. Wanawake waliacha majembe, wakaniangalia. Mmoja akaniita mama kwa Kibukusu, akauliza, "Mayi, kwani kuna mtu amekufa huko ndani?" Wenzake wakacheka. Nikacheka nami. Nilijaza chupa zangu za rangi ya kahawia, nikazifunga, nikaondoka, wala sikufikiri kwamba watu wanaoliona koti jeupe kando ya maji yao hawasahau upesi.

Salfa ina namna yake ya kujitoa mafichoni. Ukiyapunguza maji yako kwanza ili kilichomo kikusanyike, kisha ukayatilia kemikali fulani kwa utaratibu, salfa ikiwemo maji hugeuka rangi ya waridi. Ikiwa nyingi, waridi linakolea kama juisi ya rosela. Ikiwa kidogo, ni kama maji uliyosuuzia kikombe chenye juisi. Maji ya mfereji yaligeuka. Hayakukolea, ila yaligeuka, na nilikaa kwenye maabara ya shule, wasichana wakiimba kwaya upande wa pili wa ukuta, nikiishikilia ile chupa dirishani muda mrefu.

Dada yangu aliniuliza waziwazi. Tulikuwa jikoni kwake, anachambua mboga ya murere, mimi napepea moto.

"Hiyo maji yetu iko na nini?"

"Iko na dawa kidogo. Ya salfa."

"Dawa kutoka wapi?"

"Kutoka kwa watu. Wanaomeza."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Watu kama mimi."

"Watu wote wanaomeza dawa."

"Na mtu akikula sukuma?"

Nikamweleza jinsi nilivyoelewa mimi: kwamba kiasi chenyewe ni kidogo mno kumdhuru mtu kwa siku moja, kwamba shida ni vijidudu vinavyoishi humo vikizoea dawa, hata siku dawa itakapohitajika isivitishe tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatia murere kwenye sufuria, akaongeza magadi.

"Basi hata vyura vya huko havitashikwa na nimonia," akasema, na tukacheka hadi moshi ukatuingia kifuani. Niliondoka nikidhani mambo yameishia hapo.

Msimamizi wa kituo alinipokea vizuri. Alikuwa afisa wa kliniki, lakini sote tulimwita daktari, na alikuwa mtu wa bidii aliyechoka kulalamikia bwawa lile kwa wakubwa wasiomjibu. Alinipa kibanda kilichokuwa na vitanda vibovu, tukavitoa, nikaweka humo mtambo wangu wa kuiondoa salfa majini. Kusema mtambo ni kuukuza. Ulikuwa beseni la plastiki, safu ya vijiti vyeusi vya kaboni nilivyovichomoa kutoka betri kuukuu za tochi, waya, na betri ya gari. Unatia maji machafu, unaongeza chumvi kidogo ili umeme upite, unaunganisha. Viputo vinaanza kupanda kwenye vijiti, vidogo kama vya soda. Umeme unaivamia ile dawa majini na kuivunjavunja. Ndivyo vitabu vilivyosema, na ndivyo chupa zangu zilivyoonyesha: maji yaliyokuwa yakigeuka waridi kabla, yakitoka kwenye beseni hayakugeuka tena.

Daktari alifurahi mno. Katika mkutano wa kila mwezi wa watumishi wa afya aliwaeleza wenzake kwamba kituo chake kidogo kinafanya utafiti. Bwana afya wa eneo, aliyekuwa akikagua vyoo na vichinjio, alikuwemo humo. Kila mtu hubeba maneno kwa kadiri ya kapu lake. Wiki chache baadaye kulikuwa na baraza la chifu, watu wamekaa kwenye nyasi, na bwana afya akapewa nafasi ya kuzungumzia usafi. Mimi nilikuwa Kitale nikisahihisha mitihani. Niliambiwa baadaye na watu wengi, na wote walisimulia sawasawa. Alisema kipindupindu. Alisema vyoo. Kisha akasema, "Na hii mfereji ya kituo msiitumie. Imepimwa, ikapatikana na dawa. Hawa watu wetu wa dawa ile mnaijua, wanahalibu maji. Mkojo yao inatelemka mpaka kwa mboga."

Dada yangu alikuwa amekaa pale kwenye nyasi, miongoni mwa wanawake.

Hakuna aliyemgeukia, kwa sababu hakuna aliyejua kwa hakika. Lakini kijijini watu wana hesabu zao. Mume alikufa vipi, mke alikonda lini, alinenepa lini, siku gani ya mwezi anavaa leso nzuri na kuelekea kituoni. Soko lililofuata alirudi na mafungu yake yote ya sukuma. Lililofuata pia. Wenzake wa mferejini nao walirudi na zao, na hasira yao haikuweza kumpata bwana afya, kwa hiyo ikatafuta mtu wa karibu. Kisimani walianza kumpisha achote peke yake. Hawakumtukana. Walikuwa wanasimama kando tu na ndoo zao, wakizungumza mambo ya mvua, mpaka amalize.

Hayo yote hakuniambia. Nilipompigia simu alisema, "Tuko sawa." Nilipouliza sukuma akasema jua limekuwa kali.

Masika yalikuwa yameanza mwanawe mkubwa wa kike aliponipigia kusema mama anapumua vibaya. Nilifika nikamkuta amekaa kitandani ameinama mbele, kwa sababu akilala hewa haiingii. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Tulimbeba kwa pikipiki ya jirani hadi barabarani, na huko tukapata gari la kutupeleka hospitali kubwa mjini Bungoma. Daktari wa zamu aliweka kifaa chake mgongoni mwa dada, akasikiliza, akauliza kama anameza salfa.

"Anameza," nikajibu mimi.

Dada yangu akatikisa kichwa kukataa.

Alipopata nguvu ya kusema, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake, ndipo aliponieleza. Aliacha salfa tangu siku ile ya baraza. Zile dawa kubwa alizipunguza, akimeza siku moja na kuacha nyingine, ili zisitoke nyingi.

"Zisitoke wapi?"

"Si wewe ndiye ulisema zinatoka? Zinaenda kwa mto. Watoto wa watu wanakunywa huko." Alivuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. "Nilifikiria, mimi ni mtu mmoja. Hao ni wengi."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia kwamba kijito kizima kisingeona tofauti ya vidonge vyake, kwamba hakuna mtoto anayeumia kwa ajili yake, kwamba kama kuna mtu wa kuulizwa ni aliyechimba bwawa la watu hamsini akaliacha lipokee elfu. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Nilichofanya ni kumshika mguu juu ya blanketi na kuushikilia. Kwenye kitanda cha jirani bibi mmoja alikuwa akisali kwa sauti ndogo kwa Kibukusu, na nikamsikiliza yeye.

"Usilie," dada yangu akasema. "Hukuniambia niache. Niliamua mimi."

Alitibiwa, akapona. Kupona kwenyewe kulikuwa kwa polepole, kwa hiyo nikamchukua kwangu Kitale, kwenye nyumba ya walimu, baridi ya mlimani ikimkera. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa bure. Alifagia kiwanja kilichokwisha kufagiwa. Siku moja ya Jumamosi akasema, "Nipeleke kwa hiyo mashine yako niione." Kufikia hapo nilikuwa nimetengeneza nyingine ndogo katika stoo ya maabara ya shule.

Alikaa kwenye stuli, amejifunga shuka, akaangalia viputo vikipanda. Aliuliza maswali mengi. Kwa nini chumvi? Umeme hauwezi kumshika mtu akigusa? Harufu hii ya dawa ya kufulia nguo nyeupe inatoka wapi? Nikamweleza kwamba umeme unaigeuza sehemu ya chumvi kuwa klorini, ile ile inayotiwa kwenye maji ya bomba ya mjini. Kisha akauliza nililokuwa siwezi kumwomba.

"Unataka ya kwangu?"

"Ya kwako nini?"

"Wacha kujifanya. Mkojo. Si nimerudia kumeza? Uone kama hiyo kitu yako inafanya kazi ama ni kupoteza wakati."

Alikwenda, akarudi na kikombe cha plastiki amekifunika na karatasi, amekibeba kwa heshima kama anabeba sakramenti, na alipoona uso wangu akaanza kucheka. Nikachanganya ule mkojo na maji, nikatia kemikali kwenye sehemu ndogo kwanza. Waridi likaja, na safari hii lilikolea hasa. Aliacha kucheka.

"Hiyo ni mimi?"

"Hiyo ni salfa."

"Rangi yake ni nzuri," akasema. "Nilifikiria itakuwa kitu mbaya."

Nikawasha. Tukasubiri, tukinywa chai ya termosi, na kila baada ya muda nilichota kidogo nikapima. Waridi likafifia. Likafifia tena. Kufikia saa ya wasichana kwenda kula chakula cha mchana, sehemu niliyochota ilibaki safi kabisa, na dada yangu akanyanyuka kwenye stuli, akaishika ile chupa mwenyewe akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Yote?"

"Hii ya salfa, yote ninayoweza kuiona."

Sijawahi kumwona mtu akifurahia hivyo kazi yangu yoyote, kabla wala baadaye. Alitoka nje akasimama kwenye jua, mikono kiunoni, akasema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, "Kumbe inawezekana."

Mwalimu wangu wa chuo alikuwa ameniwekea sharti moja: usiseme maji ni safi kwa sababu tu kitu ulichokitafuta hakionekani. Yaulize viumbe. Njia yake ilikuwa rahisi. Unachukua vitunguu vidogo, unavikalisha kwenye midomo ya glasi, mashina yaguse maji, unasubiri mizizi. Nilivipanga dirishani. Glasi moja ilikuwa na maji ya mvua. Nyingine maji ya chumvi yaliyopitishwa umeme bila dawa yoyote, yakaachwa hadi harufu ikatoka. Nyingine maji yenye salfa ambayo hayakuguswa. Ya mwisho maji yale yale ya salfa, yaliyokwisha kusafishwa na mtambo.

Kwenye maji ya mvua mizizi ilitoka mirefu, myeupe, kama ndevu za mzee. Kwenye ya chumvi ilikuwa mifupi kidogo lakini mizima. Kwenye maji ya salfa yasiyoguswa mizizi ilitoka pia, imesitasita, lakini ipo. Kwenye yale niliyoyasafisha kulikuwa na vichunusi vya kahawia vilivyoanza kutokeza vikafa.

Nilirudia. Nilidhani nimekosea chumvi, nikarudia. Nilidhani ni vitunguu vibovu, nikanunua vingine sokoni, nikarudia. Kila mara ilikuwa vile vile. Salfa haikuwa imetoweka. Ilikuwa imevunjwa vipande, na baadhi ya vipande vilikuwa vimeshikana na klorini na kuwa kitu kingine, kisichotoa waridi, kisicho na jina nililolijua, na kibaya zaidi kuliko kilichokuwepo.

Dada yangu aliniona nimekaa pale dirishani. "Umekuwaje? Si ilikwisha?"

Nikamweleza. Alichukua kile kitunguu kwenye glasi ya mwisho, akakiangalia chini, akakirudisha taratibu. Jioni aliomba nimsaidie kufunga mizigo yake. Watoto wamekaa bila yeye muda mrefu, alisema.

Sasa, wakati huo huo daktari wa kituo alikuwa amealika wageni waje kuuona mtambo. Ulikuwa mwaka wa kuelekea uchaguzi, na kila mtu alipenda kuzindua kitu. Walikuwa waje watu wa wilaya, viongozi wa makanisa, imamu wa msikiti wa sokoni, na wazee wa vijiji vya jirani. Kungekuwa na hema na soda. Nilisafiri hadi kituoni kumwomba aahirishe.

"Mwalimu, wewe sema tu dawa imetoka. Si imetoka?"

"Imetoka."

"Sasa?"

"Kuna kingine kimeingia."

"Kinaitwaje?"

"Sijui jina lake."

Daktari hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameomba bwawa jipya mwaka baada ya mwaka, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote mkubwa alikubali kuja kuliona. "Yaani utasimama mbele ya wageni useme kuna kitu huijui jina? Si watasema tunacheza? Wewe onyesha ile rangi ikipotea, wapige makofi, watupatie bwawa. Hiyo ingine utamalizia baadaye."

Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri, lakini sikupata njia ya kulificha hilo huku dada yangu amesimama nyuma ya hema, kwa maana alikuwa amesema atakuja.

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Nilionyesha waridi, nikaonyesha linavyopotea, na wageni wakapiga makofi kama daktari alivyotabiri. Mgeni mmoja aliyevaa suti akasema kwa utani, "Sasa tunaweza kunywa?" Watu wakacheka, na ndipo nikachukua glasi zangu za vitunguu kutoka chini ya meza nikazipanga mbele yao. Nikasema maji haya hayajawa tayari kwenda mtoni. Nikaeleza kwa nini, kwa maneno mafupi. Kicheko kiliisha. Nilimwona daktari akiangalia viatu vyake.

Mzee mmoja aliyekaa mbele akanyanyua fimbo. "Mwalimu, hii dawa inatoka kwa wale wagonjwa. Si wale wapewe choo yao mbali?"

Swali hilo nilikuwa nimeliwekea jibu, kwa sababu kwa hasira ya ile siku ya wodini nilikuwa nimechota maji mahali pengine pia. Nikamwambia nimepima kijito kimoja kule Endebess ambako hakuna kliniki karibu, kuna ng'ombe tu, na maji yake yaligeuka waridi kuliko ya mfereji huu, kwa kuwa ng'ombe nao hutibiwa na salfa. Kisha nikauliza ni nani pale hajawahi kutia dawa ya unga kwenye maji ya kuku wanapohara damu.

Watu wakaangaliana.

"Hiyo ya kuku ni nini?" mama mmoja akauliza.

"Ni salfa, mama."

"Kwa hivyo hata mimi?"

"Hata wewe. Hata mimi."

"Ati hata bwana afya!" akadakia mwingine kutoka nyuma, maana kuku wa bwana afya walijulikana eneo zima, na hema likaangua kicheko. Bwana afya alicheka pia, asiwe na la kufanya. Nilidhani nimeshinda.

Nilitembea na dada yangu kurudi kwake, tukafika karibu na lango. "Umesema vizuri," akaniambia. "Lakini kuku watu watawasahau. Sisi watatukumbuka."

Alikuwa sahihi kuliko nilivyotaka. Soko halikurudi kama zamani. Wanawake wa kisimani walianza kumsalimia, mmoja akamletea hata ndizi, lakini fungu la sukuma likishajulikana limetoka mferejini lilirudi na mwenyewe. Wageni hawakutoa bwawa. Daktari hakunifukuza, ila kibanda kikaanza kuhitajika kwa mambo mengine: mara magodoro, mara magunia ya unga wa watoto, na ilipofika muhula wa tatu nilikuta mtambo wangu umewekwa nje, mvua imejaa kwenye beseni. Baada ya uchaguzi alihamishwa. Sikupata kumuuliza kama alinisamehe.

Niliendelea Kitale. Mwalimu wangu alinishauri niyapitishe maji yaliyotoka kwenye umeme katika mkaa, na kwa kuwa magunzi ya mahindi hayajawahi kukosekana Trans-Nzoia, niliyachoma nikatengeneza mkaa wake. Vitunguu vikatoa mizizi. Haikufika ile ya maji ya mvua, lakini ilikuwa mizizi. Niliandika hivyo: kwamba umeme peke yake unaiondoa dawa na kuacha sumu, kwamba mkaa unapunguza sumu hiyo lakini haumalizi, na kwamba sijui kinachobaki ni nini. Nilipewa shahada. Kilichobaki sijakijua hadi leo, ingawa wengine wenye mitambo mikubwa pengine wamekwisha kukijua.

Dada yangu alikiacha kile kipande cha mferejini. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, mwanawe akaelekeza maji ya paa humo, akapanda murere na saga kidogo, mboga za kula nyumbani. Anameza dawa zake zote, na mwezi ukifika anavaa leso nzuri na kwenda kituoni, hajali tena nani anamhesabu. Mara moja tu aliniuliza kama sasa kuna mtu ameijua njia ya kuyasafisha yale maji mpaka mwisho. Nikamwambia bado wanatafuta. "Na tunameza tu," akasema.

Mara ya mwisho kupita huko nilishuka mpaka mferejini. Kipande chake kilikuwa kimelimwa upya. Mwanamke kijana, aliyeolewa pale kutoka upande wa Tongaren, alikuwa akimwagilia sukuma kwa kopo lenye matundu. Alinisalimia, akaniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu.

"Ni mimi."

"Wanasema hii maji iko na shida. Ni kweli?"

Nikamwambia amwagilie kwenye shina, si juu ya majani. Aoshe mboga kwa maji ya kisima, aipike iive, na watoto wasicheze humo. Niliona anangoja nimalizie, kana kwamba hayo yalikuwa utangulizi.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo ninayojua."

Alinishukuru, akainama, akajaza kopo lake.